Ukiwa ofu na moto ukawaka mtaani: namna ya kusaidia bila gari, bila mpira, bila hewa

Umetoka zamu asubuhi, umelala kama saa moja hivi, mara mlango unagongwa kama unataka kung'olewa na mama wa nyumba ya tatu anaita baba Salma, baba Salma, amka jamani moto! Ukitoka na kandambili zako watu wanakupisha njia wenyewe, mtaa mzima unajua unafanya kazi zimamoto, kwahiyo kila jicho liko kwako, wanasubiri ufanye kitu. Na we huna gari, huna mpira wa maji, huna koti, huna mtungi wa hewa mgongoni, una kaptula na usingizi.

Nawaandikia hasa vijana waliomaliza mafunzo Chogo, chuo chetu cha zimamoto, juzijuzi, ila na wale wa zimamoto za viwandani, bandarini na viwanja vya ndege, na hata mtu aliyepata kozi ya siku mbili tu ofisini kwao, maana ukishajulikana unajua haya mambo mtaani utaitwa tu.

Nimeshaona hili jambo likienda vibaya pande zote mbili. Kuna wenzetu wakivua yunifomu wanavua na roho, anapita kwenye ajali anageuza uso, ukimuuliza anakwambia mi niko ofu bwana. Hapo siwezi kukubaliana na mtu, anayeungua hajui ratiba yako ya zamu. Alafu kuna wengine, hawa ndo wengi na wana roho nzuri sana, anaona moshi anazama ndani na fulana yake, anasahau kwamba kazini anaingia na kutoka mzima kwa sababu ana koti, ana barakoa na mtungi wa hewa, kuna mwenzie nyuma kashika mpira na kuna mtu nje anahesabu dakika. Toa hivyo vyote unabaki raia kama raia wengine, tofauti yako ni kwamba unajua moto unavyofanya kazi. Basi tumia hicho unachojua. Ukiwa ofu wajibu wako ni kuhakikisha idadi ya watu walio hatarini haiongezeki, kisha ndo uanze kuipunguza, na wa kwanza asiyetakiwa kuongeza idadi hiyo ni wewe.

Nilivyokosea mimi

Mwaka wa pili kazini niko likizo nyumbani, nyumba ya jirani ikashika moto chumba cha mbele, watu wanalia mtoto yuko ndani, mtoto yuko ndani. Nikachukua kanga nikailowesha, nikajifunga puani, nikaingia. Sikufika hata mlango wa pili. Macho yalifunga, kichwa kikawa kizito, magoti yakaisha nguvu, nikarudi kwa kutambaa huku napapasa ukuta na kama ule ukuta ungekuwa na kona moja zaidi nisingekuwa naandika hapa. Nilikohoa wiki mbili. Na mtoto? Mtoto alishatolewa zamani na dada wa kazi kwa mlango wa uani, alikuwa kakaa nyumba ya nyuma anakunywa uji. Hakuna aliyeuliza, na mimi niliyesomeshwa kuuliza sikuuliza.

Kanga mbichi inapunguza masizi kidogo na joto kidogo. Kaboni monoksaidi haiizuii kabisa, ile hewa haina rangi wala harufu, inaingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni na we unajiona uko sawa tu mpaka miguu inagoma. Moshi mzito pumzi chache zinatosha kukuangusha. Kwahiyo tuelewane kabla sijaendelea: nyumba imejaa moshi, huna hewa, huingii. Najua ni maneno magumu kumwambia mtu ambaye mama anamlilia miguuni, nimeshasimama hapo, ila ukianguka mle ndani hao vijana wawili watatu wanaokuamini watakufuata kukutoa.

Sekunde zako za mwanzo

Simama. Kweli, simama, pumua, zunguka nyumba kwa macho na kama njia ipo izunguke kwa miguu. Moshi unatokea wapi, una rangi gani, unatoka taratibu au unasukumwa kwa nguvu, upepo unaelekea wapi, nyumba ya pili iko umbali gani, waya wa umeme umepita wapi, mitungi ya gesi iko wapi, kuna grili madirishani. Moshi mweusi mzito unaotoka kwa msukumo kwenye dirisha maana yake chumba kiko karibu kuwaka chote kwa mpigo, na vyumba vyetu vya siku hizi vyenye makochi ya sponji na mapazia ya nailoni hufika huko kwa dakika chache tu.

Alafu uliza swali moja kwa sauti: nani hayupo? Usiulize kama kuna mtu ndani, hapo kila mtu atapiga kelele la kwake. Mtafute mwenye nyumba au mpangaji mmoja, mshike mabega, mwambie nitajie wanaolala humu mmoja mmoja, na kila anayetajwa mtafute kwa macho nje. Mara nyingi unakuta wote wapo. Na kama yupo aliyebaki unapata chumba chake, dirisha lake, anaweza kutembea au hawezi, na hiyo habari ndo dhahabu utakayowapa wenzio wakifika.

Kupiga 114

Usidhani kuna mtu kapiga. Watu hamsini wako pale, arobaini wanarekodi video na kila mmoja anaamini mwenzake kapiga. 114 ni namba ya dharura ya zimamoto, ni bure, piga mwenyewe, au nyooshea mtu kidole, wewe mwenye jezi nyekundu piga 114 weka spika, halafu usimwache mpaka umesikia imepokelewa. Kuna kitabia chetu sisi wenyewe cha kumpigia jamaa yako aliyeko zamu moja kwa moja, oya kuna moto huku kwetu leteni gari. Mpigie ukitaka, lakini baada ya 114, maana jamaa yako anaweza kuwa yuko barabarani na tukio lingine, simu iko kwenye droo, na we umekaa unasubiri gari ambalo halijatumwa.

Sema nini kinaungua, kuna watu ndani au hamna, na mahali, hapo kwenye mahali ndo tunapopoteza dakika nyingi kuliko popote. Mitaa yetu mingi haina namba ambazo mtu anazijua kichwani. Taja barabara kubwa, kituo cha daladala, msikiti au kanisa, shule, sheli, halafu mwambie kuna mtu atasimama pale na atapunga kitu. Na kweli mweke huyo mtu. Bodaboda ndo wanafaa sana kwa hii kazi, mmoja asimame barabara kubwa na mwingine kwenye kona ya kuingilia, gari likifika analiongoza. Mwambie yeye anajua njia gari kubwa linapita na ipi ina mtaro au kibanda kimeziba, sisi tunaotoka vituo vya mbali hatujui. Wengine waondoe magari na toroli za biashara njiani sasa hivi, wasisubiri mpaka king'ora kisikike.

Na mtu mwingine atafute maji. Hapa niseme jambo linaloniuma, kila moto mkubwa utasikia gari lilikuja halina maji, na watu wakiwa na uchungu wanaokota mawe. Gari lenye lita 5,000 likimwaga lita 500 kwa dakika, dakika kumi tu limekauka, na hapo ndo watu wanaona gari linaondoka wakati nyumba bado inaungua. Sasa wewe mwenyeji ndo unajua nani ana kisima, nani ana simtanki kubwa, hoteli gani ina bwawa, haidranti ya karibu, yaani lile bomba la barabarani gari la zimamoto linapojazia maji, iko wapi na kama watu hawajaijengea juu. Ukimkabidhi kiongozi wa gari jibu la maji pale anaposhuka umefanya kazi ya watu watano.

Watu

Umati ndo moto wa pili. Wana nguvu, wana huruma, wako tayari, ila wakikosa wa kuwapanga wataingia ndani kutoa friji na godoro na mmoja ataangukiwa na paa. Jitambulishe kwa sauti ya kawaida isiyo na mbwembwe, jamani mimi ni askari wa zimamoto, naishi hapa, nisikilizeni. Usiwatukane, usiwasukume, mzee mwambie mzee wangu naomba unisaidie kuwarudisha hawa watoto nyuma, mama mwambie mama angu wakusanye wenye nyumba wakae nawe pale chini ya mwembe mpaka nikuite. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akiwepo msimamishe pembeni yako, yeye watu wanamjua kwa mamlaka, wewe wanakujua kwa kazi, mkiongea pamoja mnasikika.

Mpe kila mtu kazi moja tu. Vijana wenye nguvu wapange mstari wa ndoo kulowesha ukuta na paa la nyumba ya jirani ambayo bado haijashika, hiyo nyumba bado inaokoka na mara nyingi ile ya kwanza haiokoki tena. Inauma kumwambia mtu nyumba yake tuiache, lakini sita zikiungua badala ya moja hakuna aliyefaidika.

Kama mtu kanasa nyuma ya grili, mpe mtu mmoja mwenye sauti tulivu aongee naye bila kukatisha, amwambie afunge mlango wa chumba, azibe chini kwa nguo au shuka, alale chini karibu na dirisha. Mlango wa mbao uliofungwa unampa dakika ambazo hamuwezi kumpa kwa ndoo. Huku wengine watafute mtarimbo, sululu, jeki ya gari, na mpige pale grili ilipoingia ukutani, hasa kama ni tofali za mchanga, kuliko kuhangaika kukata nondo katikati. Mnavunja mkiwa nje, mnamtoa kwa dirishani, hakuna anayeingia.

Moto mdogo unaoweza kuuzima

Kipimo changu ni hiki: moto haujanizidi kiuno, moshi haujashuka usawa wa uso, na mlango wa kutokea uko mgongoni kwangu. Kimoja kikikosekana natoka na kufunga mlango. Kufunga mlango tu, hata bila maji, kunaunyima moto hewa, watu wengi hawafanyi, wanakimbia wameacha milango wazi kama wamemkaribisha mgeni.

Sufuria ya mafuta ya kukaangia ikiwaka usimwage maji hata tone, yatalipuka yakurukie. Zima jiko kama unafikia, funika kwa mfuniko ukiusukuma kutoka upande wako kwenda mbele, kisha uache hapohapo mpaka ipoe, ukifunua mapema linawaka tena. Umeme, shusha meni swichi kwanza, ndo uje na mambo mengine, na ikiwa waya umekatika nje uko chini basi watu wakae mbali nao na TANESCO wapigiwe.

Gesi inastahili maelezo. Ikivuja bila kuwaka utasikia harufu na ule mlio wa ssss, usiwashe taa, usizime pia, usiguse swichi yoyote, simu kapigie nje. Funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa mtungi nje sehemu ya wazi. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini inajaa kwenye mashimo na mitaro, kwahiyo usiuweke mtungi karibu na jiko la mkaa la jirani wala mtaroni. Ikiwa inawaka pale kwenye regyuleta, mwali wa moto umeelekea upande mwingine na unaweza kufikia koki, funika mkono kwa taulo lililolowa ukafunge koki, moto unakufa wenyewe. Kama hufikii koki usiuzime ule moto kwa namna nyingine, gesi itaendelea kujaa chumba na cheche moja itawachukua wote, rudisha watu mbali. Mtungi uliolala katikati ya moto mkubwa unapigwa na joto, hapo hamna ushujaa, ondokeni.

Ukipata mtungi wa kuzimia moto dukani au kwenye gari, vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto na sio kwenye miali, bonyeza, pepea kushoto kulia. Ule wa unga wa kilo 6 haumalizi hata nusu dakika, hivyo usianze kubonyeza ukiwa mbali.

Aliyeungua

Nguo zikiwaka mtu anakimbia, mwangushe chini, mfunike na blanketi zito au mviringishe. Alafu maji safi ya baridi ya kawaida, ya bomba au ya ndoo na kata, kwa dakika 20 mfululizo, nazirudia, dakika 20, watu humwagia mara mbili wakaona imetosha. Barafu hapana. Dawa ya meno, yai, asali, unga wa ngano, mafuta ya taa, vyote hivyo utavikuta vimeshaletwa na mashangazi wenye nia njema kabisa, wapokee kwa heshima, viweke pembeni, endelea na maji. Vua pete, bangili na saa mapema kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Mfunike kwa kanga safi na hospitali. Mtoto mdogo mwangalie asipoe mwili mzima, mwagia pale palipoungua, kwingine mfunike.

Barabarani

Askari anasafiri kama watu wengine, na ajali utaikuta. Kabla hujamgusa majeruhi zuia ajali ya pili: pembetatu kama ipo, na kama haipo mnajua wenyewe, kata matawi tandaza barabarani mbali kabisa na tukio, pande zote mbili, na mtu anayepunga kitambaa. Zima injini, vuta breki ya mkono. Mtu anayepumua na hayuko hatarini kuungua usimkokote nje kwa mabega kama kiroba, mshikie kichwa na shingo visicheze, ongea naye, subiri wengi wa kumbeba sawasawa. Damu inayoruka, gandamiza kwa kitambaa na mkono wako kwa nguvu zote bila kufunua funua kuangalia. Hapumui, hajitikisi, kandamiza kifua katikati, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, 30 kisha pumzi 2 kama umefundishwa na una kinga, kama huna kandamiza tu bila kuacha na mbadilishane kila baada ya dakika mbili kwa sababu mikono huchoka kabla hujajua imechoka.

Lori la mafuta likianguka hayo yote yanasubiri. Tarehe 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, pale Msamvu Morogoro, lori lilipinduka watu wakaja na madumu kuchota petroli, likawaka, na waliokufa walipita 100. Wengi walikuwa bodaboda na watu wa pale pale. Mi kila nikipita Msamvu nafikiria, ingekuwaje kama angekuwepo mmoja wetu aliyeko ofu, anasubiri basi, akapiga kelele mapema. Pengine wasingemsikia, sawa, lakini lazima kelele ipigwe. Kwahiyo ukikuta lori la mafuta limelala, simama upande upepo unakotoka, rudisha watu nyuma mita mia na zaidi, hakuna kuwasha pikipiki, hakuna sigara, hakuna kugonga vyuma, na wale wenye madumu waambie kabisa kwa sauti, hii itawaka. Usiwaambie ni kosa kisheria, hawajali wakati huo. Waambie Msamvu. Msamvu wanaijua.

Kisima na shimo la choo

Hapa nawaomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine zote za andiko hili. Mtu kashuka kisimani kutoa ndoo au kuwasha pampu, kimya. Kaka yake kashuka kumtoa, kimya. Shemeji kashuka. Tunafika na vifaa tunatoa watu watatu na yule wa kwanza pengine alikuwa peke yake aliyekuwa na sababu ya kuwa mle. Chini kule oksijeni inaweza kuwa haitoshi, kwenye choo kuna gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi pua inaacha kuinusa kabisa unadhani imeisha, na kwenye kisima mtu akiwa ameshusha jenereta au pampu ya petroli moshi wake umejaa mle chini. Kamba kiunoni haikusaidii kupumua.

Wajibu wako hapo ni kukaa mdomoni mwa shimo na kuzuia. Hata kwa nguvu. Zuieni vijana kwa mikono, mlilieni ndugu yake asishuke, muahidi kwamba wenye hewa wanakuja, piga 114 useme wazi ni kisima au choo ili waje na vifaa vya hewa na kamba za kushukia. Kama yule wa chini anajibu, mteremshie kamba yenye kitanzi ajipitishe kwapani mumvute, mwambie asimame asiiname. Kama kuna feni kubwa au mashine ya kupulizia hewa safi ipulizeni ndani. Ukizuia mtu wa pili kushuka hakuna atakayekushukuru, wengine watakuita mwoga mbele za watu, vumilia.

Hivyohivyo chumba alimolala mtu na jiko la mkaa ndani, huko Njombe na Mbeya kwenye baridi yanatokea, fungua mlango na madirisha kwanza kutoka nje, chumba kipigwe na hewa, ndo umvute mlalaji.

Majini

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba karibu kabisa na uwanja, ndani watu 43, wakaokoka 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye akaingizwa kwenye jeshi letu la zimamoto na uokoaji. Huwa nawakumbusha vijana kwamba siku ile alikuwa raia tu aliyekuwa na mtumbwi na anayejua maji yale. Wewe ukiwa ufukweni bila mtumbwi usiruke kwa anayezama, atakupanda kichwani. Mrushie kamba, mti mrefu, na kinachopatikana kila kijiji ni dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, linaelea na linambeba mtu mzima akilikumbatia. Lifunge kamba, rusha, vuta.

Siku ambazo hufai

Ukiwa umekunywa, hata mbili, piga simu, panga watu, mikono weka mfukoni. Zamu ya masaa 24 ikiwa haijakutoka mwilini jua uamuzi wako uko chini, mpate mtu wa kukuangalia na umwambie nikisema naingia nikataze. Ukiwa na mtoto wako mkononi mkabidhi kwa mtu unayemjua kwa jina kabla ya lolote.

Kibegi changu ninachotembea nacho kina glavu za ngozi, glavu za hospitali, tochi, filimbi, fulana ya reflekta, kisu cha kukatia mkanda wa gari, bandeji kadhaa na kile kiplastiki cha kupulizia pumzi. Havifiki kilo mbili. Filimbi imenisaidia kuliko vyote, kelele za watu zinapita, filimbi watu wanageuka. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 wa mwanzo kufukua walikuwa wafanyabiashara na wapita njia kwa mikono yao, na mahali kama pale mpigaji filimbi mmoja akisimamisha kila kitu kwa dakika moja, kimya, simu na majenereta vizimwe, ndo mnasikia anayegonga chini. Na aliyebanwa na zege muda mrefu usimchomoe kwa pupa hata kama mmeweza kuliinua, mruhusu daktari au waokoaji wafike kwanza, ukimwachia mgandamizo ghafla damu ya mguu ule inaweza kumuua akiwa ameshatoka.

Gari likifika

Mtafute kiongozi, simama mbele yake, jitambulishe jina, cheo, kituo, umpe kwa kifupi: kinachoungua na kilipoanzia, nani hayupo na chumba gani, umeme na gesi umefanya nini, maji yako wapi. Dakika moja. Kisha uliza, nikae wapi afande? Akikwambia kaa pembeni na wenye nyumba, unakaa. Hata kama cheo chako kimezidi chake, tukio ni lake. Usichukue mpira, huna koti. Nimeona askari ofu akigombea mpira na askari wa zamu, watu wanaangalia, aibu.

Picha na video za majeruhi usizitume kokote, hata kwenye grupu la kituo.

Kesho yake toa taarifa kazini kwamba ulikuwepo na ulifanya nini, ikiwa umevuta moshi au umeguswa na damu ya mtu bila glavu nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kukohoa wiki mbili kama mimi. Na kama hakuokoka mtu, usirudi nyumbani ukanyamaza. Mwambie mkeo, mumeo, mwenzio wa zamu, imamu, padri, yeyote anayekusikiliza bila kukukatisha. Mi kuna mmoja wa kisimani ambaye hakuokoka, nilikaa naye kifuani miezi, nikaja kumsimulia sajenti wangu wa zamani tukiwa tunaosha gari, na yeye akaniambia wa kwake.

Usiku kabla ya kulala nunua au omba bandeji zingine, badilisha betri za tochi, rudisha glavu kwenye kibegi, kiweke palepale nyuma ya mlango.